Whitby kwa siku moja: soma maji kwanza

Kabla hujakata tiketi ya treni ya Whitby, kwenye pwani ya Yorkshire, Uingereza, tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la siku utakayokwenda. Mto Esk unaukata mji katikati, na daraja la kuzunguka hufunguliwa kupitisha vyombo katika saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa. Ukitaka kuliona likifunguka, fika wakati huo. Ukitaka miamba, subiri maji yapwe.

Kosa la kawaida ni saa. Majedwali mengi ya Uingereza huandikwa kwa GMT (saa za Greenwich) mwaka mzima, ilhali wakati wa kiangazi saa za nchi husogezwa mbele kwa saa 1. Jedwali kama hilo likisema 11:40, saa yako ya mkononi itasoma 12:40. Hakikisha ni lipi unalo mkononi. Ukilala huko, kesho yake ongeza kama dakika 50.

Maji yakiwa juu, kaa mjini. Grape Lane, hatua chache kutoka darajani upande wa mashariki, ipo nyumba ya John Walker, mwenye merikebu za makaa ya mawe aliyempokea James Cook, baharia mpelelezi wa baadaye, kuwa mwanagenzi mwaka 1746. Sasa ni makumbusho. Majira ya baridi hufungwa, kwa hiyo ulizia mapema. Panda hadi darini, walikolala wanagenzi. Kwenye michoro ya merikebu tazama chini kabla ya kutazama matanga: tumbo ni pana na bapa. Chombo cha namna hiyo kilikaa mchangani maji yakipwa bila kulala ubavu, kikapakuliwa palepale. Endeavour, merikebu ya safari ya Cook, iliundwa hapa ikiwa merikebu ya makaa, ikashushwa majini mwaka 1764 kwa jina la Earl of Pembroke. Ilipopanda mwamba pwani ya Australia Juni 1770, Cook aliiegesha kwenye ukingo wa mto ikatengenezwa kwa takriban wiki 7.

Ng'ambo ya magharibi, juu ya West Cliff, pana tao la taya za nyangumi, ukumbusho wa uwindaji ulioendeshwa kutoka hapa kati ya 1753 na 1837. Taya za sasa zimetoka Alaska, kwa hiyo usizichukulie kuwa za wawindaji wale. Piga picha ukiwa chini ya tao: kanisa la St Mary na magofu ya abasia, yaani monasteri ya kale, yataingia katikati. Kuyafikia ni ngazi 199, nazo huteleza mvua ikinyesha.

Sasa miamba ya kuelekea Saltwick, mashariki ya bandari. Meli ya hospitali Rohilla iligonga hapo 30 Oktoba 1914. Mashua za uokoaji za makasia zilishindwa kuwafikia wote, na watu 50 wa mwisho waliokolewa na mashua ya injini kutoka Tynemouth. Anza kutembea saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, si baadaye, maana njia ya chini ya jabali hufunikwa kabla ufukwe haujaonekana kujaa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali, lakini hurudi kwa kasi zaidi. Usikae chini ya jabali, mawe huporomoka. Ukichelewa, usijaribu kurudi ulikopita: panda njia ya Saltwick, urudi kwa juu. Ukizingirwa, piga 999, uombe walinzi wa pwani.