Kibodi ya kompyuta mpya ikigoma, usianze na fundi

Nilikuwa nachapa kadi ya mwaliko wa harusi, mwenye kadi kasimama nyuma ya kiti changu na pochi yake mkononi. Kwenye kioo pakatokea "Bwn n Bibi wnyo furh kukulik". Nikafuta, nikarudia, nikabonyeza kwa nguvu. A moja ikatoka, tatu zikagoma. Mashine, kompyuta mpakato (laptop), ilikuwa na siku tatu tu tangu itoke kwenye boksi. Ingekuwa q au x ningekaa nayo mwaka mzima bila kujua, lakini a! Kiswahili bila a ni nini? Vitenzi vyetu karibu vyote vinaishia nayo.

Kilichoniponza ni nilichofanya baada ya hapo. Niliifunga nikapanda bodaboda hadi Ngamiani, hapa hapa Tanga, kwa kijana mmoja anayetengeneza simu. Akaifungua skrubu za chini, akaangalia, akaifunga, kisha akaingiza bisibisi bapa chini ya kitufe na kukinyanyua. Tukasikia "tak". Kile kikono cha plastiki kinachobeba kitufe, chembamba kama ukucha wa mtoto, kikawa vipande viwili. Niliporudi nayo Dar nilikoinunua, muuzaji hakuiwasha hata kuiwasha. Aliigeuza, akaona skrubu zimekwaruzwa, akasema, "Mama, hii imeshafunguliwa." Nikapanda basi kurudi Kange na mashine yangu mapajani. Waja leo, waondoka leo, ila safari hii hasara ndiyo iliyokuja kukaa.

Kwa hiyo somo hili ni la wenzangu wenye steshenari, na yeyote aliyenunua kompyuta mpakato mpya. Kabla hujamwita mtu, jua kwanza ugonjwa uko wapi: kwenye mipangilio au kwenye kibodi yenyewe. Mipangilio utairekebisha mwenyewe bure. Kibodi mbovu ni mzigo wa aliyekuuzia, mradi usiiguse.

Hatua ya kwanza: andika kinachotokea

Chukua karatasi. Fungua Notepad au programu yoyote ya kuandikia, bonyeza kila kitufe mara tano, kuanzia safu ya juu hadi chini. Bonyeza katikati, kisha pembeni, maana kitufe kibovu mara nyingi hukubali upande mmoja kikakataa mwingine. Andika kipi hakitoi kitu, kipi kinatoa mara mbili, kipi kinatoa herufi isiyo yake.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia mengi. Kikiwa kitufe kimoja peke yake, fikiria uchafu au kitufe chenyewe. Vikiwa vitufe kadhaa vilivyofia pamoja, fikiria karatasi ya nyaya iliyo chini yake, au ule mkanda mwembamba unaounganisha kibodi na ubao mkuu. Huo wakati mwingine huwa haujakaa sawasawa hata kwenye mashine iliyotoka kiwandani. Herufi zikibadilika zikawa tarakimu au alama nyingine, usilie bado, huenda hakuna kilichoharibika.

Hatua ya pili: ondoa shaka ya mipangilio

Hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Mashine yako ikiandika 4, 5, 6 badala ya u, i, o, na 1, 2, 3 badala ya j, k, l, hiyo ni Num Lock imewaka, kitufe kinachogeuza baadhi ya herufi kuwa tarakimu kwenye kibodi ndogo. Izime. Kwenye mashine nyingine lazima ushike kitufe cha Fn kwanza.

Ukibonyeza Shift na 2 ukapata alama za kunukuu badala ya @, kompyuta inadhani kibodi ni ya Uingereza. Shika kitufe cha Windows ubonyeze kitufe cha nafasi (space), utachagua ya Marekani kama imewekwa. Kama haimo, iongeze kwenye mipangilio ya lugha.

Vitufe vikiwa vizito, yaani lazima ukishike kimoja kwa muda ndipo kiandike, kuna kitu kinaitwa Filter Keys. Huwashwa kwa kushika Shift ya kulia sekunde 8, na mtu anayewaza huku kidole kimelala juu ya Shift hukiwasha bila kujua. Nenda sehemu ya ufikivu (Accessibility) kwenye mipangilio ukizime. Ndugu yake, Sticky Keys, anayefanya Shift au Ctrl ibaki kama bado imebonyezwa, huja ukigonga Shift mara tano. Watoto wa michezo ya kompyuta wanamjua vizuri.

Hatua ya tatu: zima kikwelikweli

Kwenye Windows za sasa, kuzima si kuzima kabisa. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa ili mashine iwake haraka kesho yake, na hitilafu nayo huhifadhiwa humo humo. Chagua Restart badala ya Shut down. Ikishindikana, izime, chomoa chaja, shika kitufe cha kuwashia nusu dakika, kisha iwashe tena. Inaonekana kama uganga, lakini umeme uliobaki ndani hutoka, na chipu inayosimamia kibodi huanza upya.

Bado? Bonyeza Windows na X, chagua Device Manager, fungua sehemu ya Keyboards, bofya kulia kwenye kibodi ya ndani, iondoe, kisha washa upya. Windows itairudisha yenyewe pamoja na draiva yake, yaani programu inayoiendesha. Fanya hivyo ukiwa na mausi au padi (ya kugusa kwa kidole) inayofanya kazi.

Hatua ya nne: kipimo kinachomaliza ubishi

Azima kibodi ya USB. Ya zamani tu inatosha, hata ile iliyolala chini ya kaunta. Ichomeke, andika neno lilelile lililokuwa linakataa. Kibodi ya nje ikiandika "kukualika" bila kuruka herufi, na ya ndani ikiandika "kukulik" kwenye ukurasa uleule, basi Windows haina kosa. Kibodi ya ndani ndiyo mbovu.

Ukitaka uhakika zaidi, jaribu kabla Windows haijaamka. HP nyingi, ukigonga Esc mara tu inapowaka kisha F2, huleta programu ya uchunguzi ya kiwandani. Dell huileta kupitia F12. Kitufe kikigoma hata huko, muuzaji hawezi kukuambia "ni virusi tu hivyo".

Rekodi haya yote kwa simu. Video moja bila kukata: uso wa mashine, namba yake ya utambulisho iliyobandikwa chini, kidole kinabonyeza, kioo kinaonyesha.

Hatua ya tano: irudishe ikiwa nzima

Usibandue stika, usinyanyue kitufe, usipulize kwa mdomo (mate nayo ni maji). Kama unashuku punje ya mchanga, igeuze ikiwa imezimwa, uigonge taratibu mgongoni, basi.

Nakili kazi zako kwenye flashi na uondoe akaunti zako. Kisha peleka mashine, boksi, chaja, kadi ya waranti na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Dukani usianze na ugomvi. Onyesha video, halafu uliza maneno haya: "Mnanibadilishia, au mnaitengeneza kwa waranti ya kiwanda?" Wakisema uiache, waandike kwenye karatasi tarehe, namba ya mashine, tatizo, na kwamba haina mkwaruzo. Piga picha karatasi hiyo. Kubadili kibodi ya siku hizi si kazi ya kuchukulia poa: nyingi zimegongwa kwa vishikizo vya plastiki kwenye bamba la juu, kwa hiyo fundi wa kampuni hubadili bamba zima. Ukisikia mtu anataka kuibadili kwako barazani kwa dakika kumi, ficha mashine.

Maswali ya wasomaji

Shikamoo shangazi. Yangu imekufa herufi ambayo imo kwenye neno la siri. Hata kuingia siwezi, hiyo Notepad nitaifungulia wapi?

Marahaba mwanangu. Kwenye ukurasa wa kuingilia, chini kulia, kuna alama ya ufikivu yenye kijitu. Ibofye, chagua kibodi ya kwenye kioo, uandike neno la siri kwa kubofya herufi. Ukishaingia, Windows, Ctrl na O kwa pamoja huileta wakati wowote. Mimi niliimalizia ile kadi ya harusi hivyo hivyo, a moja moja kwa mausi. Mwenye kadi alikaa akanywa kahawa vikombe vitatu.

Dada, niliuziwa "mpya", lakini Enter yake ni ndefu kama herufi L iliyopinduka, na Z na Y zimebadilishana. Ni mbovu?

Si mbovu, ni ya Ujerumani. Ingekuwa ya Ufaransa ungekuta A na Q ndizo zilizobadilishana. Ukiweka mpangilio wa Kijerumani kila kitufe kitaandika kilichochorwa juu yake. Ukiweka wa Marekani itabidi uandike bila kuangalia. Ila neno "mpya" hapo nina wasiwasi nalo. Ingiza namba ya mashine kwenye tovuti ya aliyeitengeneza, uone waranti ilianza lini. Kama ilianza miaka mitatu iliyopita, umeuziwa mtumba uliopigwa msasa.

Hapa Makorora duka limebandika "mali ikishauzwa hairudishwi". Hatuna la kufanya?

Kibandiko cha ukutani si sheria, kaka. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa. Lakini kama uliikagua pale dukani, kasoro uliyopaswa kuiona wakati huo inakuangukia wewe, ndiyo maana nasema ukikagua, kagua kweli: vitufe vyote, si kuwasha na kuzima. Wakikataa kabisa, malalamiko ya mlaji yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Uende na risiti. Waliokubali kupunguziwa bei ili wasiandikiwe risiti ya EFD, hapo ndipo punguzo linapowarudia.

Mimi nimemwagia chai ya maziwa jana usiku. Nikisema ilikuja mbovu watajua?

Watajua. Baadhi ya mashine zina vijistika ndani vinavyobadilika rangi vikiguswa na maji, na sukari yenyewe huacha ushahidi. Hiyo siyo ya waranti, tusidanganyane. Izime sasa hivi kama bado inawaka, chomoa chaja, ifungue kama hema uilaze kifudifudi, usiiweke kwenye mchele wala usiipige joto la kukaushia nywele. Hii ndiyo ya kupelekea fundi, tena leo, aifungue na kuisafisha kabla maziwa hayajaganda. Hewa yetu ya pwani haisubiri, kutu inaanza mapema.

Shangazi, yangu vitufe vya katikati vimeinuka kidogo, padi nayo haibonyezeki. Niikandamize?

Usiikandamize! Hiyo huenda ni betri imevimba na inasukuma kutoka chini. Zima, chomoa chaja, usiichaji tena, usiitoboe, iweke mbali na kitanda na makaratasi. Kama ni mpya, irudishe kesho asubuhi kabla ya jambo lingine lolote.

Nikisubiri duka linijibu wiki mbili, nitafanyaje kazi na r imekufa?

Kama mashine umebaki nayo, ile kibodi ya USB inatosha. Ukiwa safarini, Microsoft wana programu ya bure iitwayo PowerToys. Ndani yake utaweza kuiambia kompyuta kwamba kitufe cha x kiandike r. X si herufi unayoihitaji sana, labda mteja aje na barua ya Kiingereza. Ila uirudishe ilivyokuwa kabla ya kupeleka mashine dukani, la sivyo watabonyeza x, waone r, waseme wewe ndiye uliyeichezea.