Kabla Hujampeleka Mtoto Kupuliza Kipimo cha Kifua

Hapa Dar es Salaam, mtoto akishabanwa kifua mara tatu nne ndani ya mwaka, mzazi huwa amepita njia yote: dawa ya maji kutoka duka la dawa, sindano za siku tano, mvuke usiku wa manane, na ushauri wa majirani. Ndipo siku moja daktari anataja kipimo cha kupuliza, kinachopima hewa anayoitoa mtoto ili ijulikane dawa ipi itamfaa. Kipimo hicho kipo na kina kazi yake. Ila kinataka maandalizi, na cha kwanza kuandaa ni swali.

Kabla hujalipa, muulize daktari: namba ikitoka kubwa utabadilisha nini, na ikitoka ndogo utabadilisha nini? Kama dawa zitabaki zilezile vyovyote vile, hela yako ni bora ikanunue pampu na spesa, ile chupa inayounganishwa na pampu ili dawa ifike kifuani. Nasema hivyo kwa sababu kipimo hiki peke yake hakikwambii kama mtoto ana pumu au hana. Kinapima gesi ya naitriki oksaidi, ambayo kuta za njia za hewa huitoa kwa wingi zikiwa zimevimba kwa namna ya mzio, ule uvimbe unaokuja na chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili. Watafiti wa Sweden waliikuta gesi hiyo kwenye pumzi ya binadamu mwaka 1991, na mwaka 1993 ikaonekana iko juu kwa wenye pumu. Uvimbe wa aina hiyo ndio unaotulizwa vizuri na steroidi za kuvuta, kama beklometasoni na budesonidi. Mtoto anayebanwa akipata mafua tu, na akipona anakaa wiki nyingi bila hata kukohoa, mara nyingi shida yake ni virusi. Huyo steroidi za kila siku huenda zisimsaidie sana.

Halafu kuna umri. Kipimo cha kawaida kinamtaka mtoto ajaze kifua, abane midomo kwenye mrija, kisha apulize polepole, kwa kasi ileile, sekunde 6 bila kukatisha. Mrija wenyewe umewekwa mgumu kidogo kwa makusudi. Mtu akipuliza kwenye ugumu ule, sehemu laini ya nyuma ya kaakaa hufunga njia ya puani, maana pua ina gesi hiyo nyingi kuliko mapafu na ikichanganyika namba inaharibika. Mtoto wa miaka sita akifundishwa anaweza. Wa miaka miwili hawezi, na hakuna haja ya kumgombeza. Zipo mbinu za kukusanya pumzi ya watoto wadogo wakiwa wanahema kawaida kwenye barakoa, lakini namba zake hazisomwi kwa viwango vya wakubwa wao. Kwa mwenye miaka chini ya mitano, daktari mzuri bado atategemea zaidi maelezo yako, picha kamili ya damu, na kumjaribishia dawa kwa miezi miwili au mitatu kisha kumwangalia upya.

Kwa hiyo piga simu kwanza. Uliza kama wana mashine ya kupima naitriki oksaidi, wanaanzia umri gani, na kama bima yako inalipia. Mapokezi ukiwaambia "kipimo cha pumzi" wanaweza kukupangia spairometri, ambayo inapima nguvu na wingi wa hewa, au hata kile cha bakteria wa vidonda vya tumbo, ambacho nacho ni cha kupuliza. Kutoka Mbagala hadi mjini na mtoto mgongoni ni safari ndefu mno kwa kipimo kisicho chako.

Mazoezi ya kupuliza yafanywe nyumbani, kwa mchezo. Mpe mrija wa soda na kikombe cha maji, apulize mapovu madogo madogo huku wewe unahesabu hadi sita. Mapovu yakiruka nje ya kikombe, amezidisha nguvu, yakikatika, ameishiwa. Mtoto aliyezoea kikombe hashangai mashine ikimwambia asipulize kwa fujo.

Kuna mambo yanayoivuruga namba, na haya lazima uyaseme hata usipoulizwa. Mafua huipandisha, kwa hiyo kama mtoto hana dharura, omba siku nyingine akishapona. Pua inayowasha na kuchuruzika kwa aleji huipandisha pia. Steroidi huishusha, iwe ya pampu, ya vidonge vya predinisoloni, au ile sindano ya deksamethasoni aliyochomwa kwenye zahanati ya mtaani wiki iliyopita bila wewe kuambiwa jina lake. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako ili namba ionekane "halisi". Taja tu dawa na tarehe ya mwisho aliyopewa. Moshi wa sigara nao huishusha.

Chakula ndicho huwashangaza wengi. Mboga zenye naitreti nyingi huipandisha namba kwa saa kadhaa, na mchicha wetu ni mmojawapo, pamoja na spinachi na bitruti. Basi jioni ya kuamkia kipimo pika maharage au dagaa, mchicha usubiri kesho yake. Saa moja kabla ya kupima asile, asinywe, asikimbie. Asubuhi kwenye foleni utasikia muuguzi anauliza:

"Mama, mtoto kala nini leo?"

"Chai na chapati tu, dada. Sasa hivi hapo nje."

Na foleni inaanza upya. Toka nyumbani mapema, mkishuka kwenye daladala msikimbilie geti, akae kivulini atulie. Kama ana spairometri siku hiyohiyo, naitriki oksaidi itangulie, kwa sababu kupuliza kwa nguvu huishusha namba.

Kwenye mfuko weka maboksi yote ya dawa alizotumia, hata matupu, na kadi ya kliniki. Weka na video. Kwangu mimi hiyo video ina uzito kuliko karatasi nyingi za maabara. Usiku akibanwa, washa taa, mpandishe fulana hadi kifuani, rekodi nusu dakika ukiwa karibu kiasi cha kusikika mlio. Wazazi wengi husema "kifua kinakoroma" wakati mlio unatoka puani, na daktari akisikia tofauti hiyo anaokoa miezi ya dawa zisizo zake. Andika pia kinachomuanzishia: mafua, kucheka sana, kukimbia, vumbi la godoro, dawa ya mbu ya kuchoma, udi, moshi wa mkaa, mende jikoni. Eleza kama kwenye ukoo kuna pumu, na kama mtoto mwenyewe ana pumu ya ngozi.

Ukitumwa kupima eosinofili kwenye damu badala ya kupuliza, kumbuka kwamba minyoo nayo huzipandisha. Sema lini alipewa dawa ya minyoo mara ya mwisho, na uliza kama choo kipimwe kwanza.

Mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayelegea, au midomo imekuwa ya bluu, huyo si wa kipimo hiki. Ni wa dharura saa hiyohiyo, iwe hospitali ya Amana, Temeke, Mwananyamala au popote palipo karibu. Vivyo hivyo aliyeanza mlio ghafla akiwa anatafuna karanga: huenda punje imeingia njia ya hewa.

Majibu yakitoka utaona namba ya sehemu kwa bilioni, yaani sehemu ngapi za gesi hiyo zimo kwenye kila sehemu bilioni moja za pumzi. Kwa watoto chini ya miaka 12 wanaoweza kupuliza, chini ya 20 huhesabiwa ndogo, juu ya 35 kubwa, na katikati inasomwa pamoja na maelezo yako. Omba nakala uondoke nayo.

Ukiandikiwa pampu ya steroidi, usitoke chumbani kabla hujaonyeshwa namna ya kuitumia, nawe ukaonyesha mbele yao. Kwa mtoto mdogo pampu bila spesa ni hela ya bure, dawa inaishia mdomoni. Spesa ikikosekana, uliza kuhusu ya chupa: utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa, kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuzunguka pampu ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Akishavuta dawa, asukutue. Asiyeweza kusukutua mpe maji anywe, na kama alivaa barakoa mfute uso.