Kompyuta ya mtumba: usisome i5, soma namba baada ya kistari

Jana nimemsindikiza dada mmoja mwenye steshenari pale Majengo, Dodoma, kuchagua kompyuta ya mezani, nikajifunza hiki: usibabaike na i3 au i5 kwenye jina la prosesa ya Intel (ubongo wa kompyuta), angalia namba ya baada ya kistari. Zikiwa tarakimu nne, ya kwanza ndo kizazi (toleo la prosesa), zikiwa tano chukua mbili za mwanzo. Kwahiyo i5-2400 ni kizazi cha 2, ya 2011, i3-10100 ni cha 10, ya 2020, zote zina viini 4 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) ila hiyo i3 inabeba kazi 8 kwa mpigo na imeandikwa wati 65 wakati ile i5 ni 95, na LUKU mnajua inavyokata. Hizo i3 na i5 zinapanga madaraja ndani ya kizazi kimoja tu, ukivuka kizazi hazikwambii kitu. Stika ya kwenye kasha usiiamini kabisa, hubanduliwa na kubandikwa, mwambie muuzaji aiwashe ubonyeze Windows na Pause pamoja, jina la prosesa litatokea lote.

Pentium na Celeron, prosesa nyingine za Intel, hazifuati hesabu hii. Na kama hiyo mpya bado ina diski ya kuzunguka halafu ya zamani ina SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi), ya zamani itawaka mapema, hapo uliza bei ya kubadilisha diski kwanza.