Kukagua BMW i8 Roadster iliyotumika kabla ya kutoa pesa

BMW i8 Roadster ni gari la michezo la paa la kukunja, linalotumia petroli na umeme wa kuchaji. BMW ilionyesha gari la maonyesho, i8 Concept Spyder, kule Beijing mwaka 2012, lakini Roadster yenyewe haikuingia sokoni hadi 2018. Kiwanda cha Leipzig kiliacha kuiunda 2020, kwa hiyo utakayouziwa leo karibu lazima imeshapita mikononi mwa mtu. Ulaya dhamana ya betri kubwa, ile inayoendesha gari, ilikuwa miaka 8 au kilomita 100,000. Hesabu tangu tarehe ya usajili wa kwanza, ujue imebaki miezi mingapi, kama imebaki.

Anza na betri, maana ndiyo itakayokumaliza kifedha. Ina kWh 11.6 (yaani uniti za umeme), na zinazotumika ni kama 9.4. Omba gari liendeshwe kwa umeme mtupu mpaka liwashe petroli lenyewe, kisha lichaji kwenye soketi ya kawaida kupitia mita ndogo ya kuchomeka, zile za bei nafuu. Itachukua kati ya saa nne na tano. Mita ikisoma 9 au 10, sawa, kwa kuwa umeme kidogo hupotea njiani. Ikisoma 6, ama betri imechoka ama hawakuimaliza. Rudia kipimo kabla ya kubishana bei. Zile kilomita 53 za umeme mtupu za kwenye makaratasi ni za maabara, usizitumie kumbana muuzaji.

Sasa paa. Lifungue na kulifunga mara tatu gari likiwa limesimama na limewashwa. Linatakiwa limalize kwa takriban sekunde 15. Likisitasita, shuku kwanza betri ndogo ya volti 12, halafu ndiyo mota. Lisimamishe katikati uangalie mikunjo ya turubai: nyuzi zikianza kuonekana pale linapogusa fremu, tundu liko njiani. Lifunge, mwagia ndoo ya lita 10 polepole juu ya vioo vya milango, kisha pitisha vidole chini ya zulia nyuma ya viti. Harufu ya ukungu bila maji, huenda mwenyewe alikuwa akilikunja likiwa limelowa.

Inua milango, iache juu dakika tano. Unaoshuka wenyewe una gesi iliyokwisha kwenye vyuma vinavyoushikilia juu, na utakugonga kichwa. Hapo hapo mulika tochi kwenye kizingiti kipana cha mlango, ambapo nyuzi za kaboni zinaonekana wazi. Kaboni haibonyei kama bati. Hupasuka au tabaka zake huachana. Mstari mweupe au sehemu iliyovimba ni sababu ya kuondoka. Waya za rangi ya chungwa, zenye umeme mkali, usiziguse kabisa.

Barabarani, anza na umeme: gurudumu za mbele ndizo zinazovuta, usikie kama kuna mluzi usio wa kawaida mbele. Kisha weka hali ya Sport, injini ya silinda tatu iwake nyuma na isizime. Hapo mota ya mbele na injini ya nyuma zinasukuma pamoja, jumla farasi 374. Mshtuko wakati wa kukanyaga mafuta ghafla unahitaji mashine ya kusoma makosa.

Maliza kwa kujaza petroli. Tangi lina shinikizo, hivyo bonyeza kitufe kwanza, ungoje dashibodi iruhusu. Ikibaki inasema subiri, huenda vali au sensa ya tangi ina hitilafu. Usitegemee pia kufungua boneti ukague mwenyewe: ya gari hili haifunguliwi na mwenye gari bali karakana.