SOMO: Kufunga flopi ya inchi 3.5 kwenye IBM XT bila kununua kadi mpya

Wakuu salama? Watu wengi wenye hizi kompyuta za zamani za IBM XT, ile 5160 iliyotoka 1983, wakitaka kuweka draivu ya inchi 3.5 kitu cha kwanza wanakimbilia kutafuta kadi mpya ya flopi, hela inatoka, kadi yenyewe haionekani kirahisi, wakati kadi iliyokuja na mashine inaiweza kabisa hiyo draivu. Kinachokosekana ni programu tu na hiyo programu ipo ndani ya DOS (mfumo endeshi wa mashine hizi) tayari, inaitwa DRIVER.SYS.

Kwanza elewa kwa nini inawezekana, maana ukilielewa hili hutabahatisha. Kontrola ya XT, yaani hiyo kadi ya flopi, inatumia chip ya NEC 765 na kadi nzima imetengenezwa kwa kasi moja, kilobiti 250 kwa sekunde. Flopi ya 360K ya inchi 5.25 inatembea kwa kasi hiyo, flopi ya 720K ya inchi 3.5 nayo inatembea kwa kasi hiyo hiyo, seketa (vipande) 9 kila treki (mduara wa data kwenye diski) kama kawaida, tofauti ni kwamba moja ina treki 40 na nyingine 80. Kadi haijali, ikiambiwa peleka kichwa treki ya 65 inakipeleka. Wasiojua habari za treki 80 ni DOS na BIOS (programu ya kuwashia mashine iliyo kwenye chip ya bodi kuu), na hao ndo tunaenda kuwaelekeza. Ila 1.44MB ni kitu kingine, ile inataka kilobiti 500 na kadi hii haifiki huko hata uiwekee programu gani. Hapo ndo watu wengi wanapotezea muda wao.

Hatua ya 1: angalia ulichonacho

Andika VER uone toleo la DOS, liwe 3.2 (ya 1986) au la juu zaidi, chini ya hapo DRIVER.SYS haipo. Halafu angalia tarehe ya BIOS, ingia DEBUG (programu inayokuja na DOS) na kwenye kile kidashi andika:

D F000:FFF5 FFFC

Tarehe itajiandika upande wa kulia, kisha Q utoke. Ukikuta 01/10/86 au 05/09/86 una bahati, BIOS hizo zinaijua 720K zenyewe. Ukikuta 11/08/82, na wengi ndo wanayo hiyo, endelea na somo.

Hatua ya 2: draivu na kebo

Draivu ya 1.44MB ya kawaida iliyotoka kwenye PC ya zamani inafaa, ukiitumbukizia diski ya 720K inafanya kazi kama draivu ya 720K. Kebo ya XT ina waya 34 na katikati kuna kipande kimesokotwa, waya wa 10 mpaka wa 16. Draivu iliyo baada ya msokoto ni A, iliyo kabla ya msokoto ni B. Sisi tunaiweka ya inchi 3.5 kabla ya msokoto, A inabaki ile ya 360K ili uendelee kuwasha na diski zako za zamani. Kebo za zamani zina soketi ya kuchomeka ubavuni mwa bodi ya draivu na draivu mpya zina pini, kwahiyo utahitaji kiunganishi cha kubadilisha, na cha umeme pia maana plagi ya 3.5 ni ndogo. Ukanda mwekundu wa kebo uende pini namba 1. Ukiwasha ukaona taa ya draivu inawaka moja kwa moja haizimi, kebo umeigeuza, zima ugeuze.

Hatua ya 3: swichi kwenye bodi kuu

Tafuta SW1, kile kisanduku cha swichi ndogo ndogo. Swichi ya 7 weka OFF, ya 8 acha ON, hapo mashine inajua ina draivu mbili za flopi.

Hatua ya 4: CONFIG.SYS

Hapa ndo penyewe. CONFIG.SYS ni faili ambalo DOS inalisoma ikiwaka. Ongeza humo mstari huu:

DEVICE=C:\DOS\DRIVER.SYS /D:1 /F:2

/D:1 ni draivu ya pili, maana DOS inaanza kuhesabu na 0. /F:2 ni aina ya draivu, 2 ndo 720K (0 ni 360K, 1 ni 1.2MB, 7 ni 1.44MB). Zima, washa, wakati inapanda utaona imeandika kwamba imepakia dereva wa draivu fulani na herufi yake, kama una hadidiski moja itakuwa D. Na hapa tulia kidogo: draivu ni ile ile moja lakini sasa ina herufi mbili. Ukiiita B, DOS inaichukulia kama 360K, ukiiita D inaichukulia kama 720K. Tumia D tu, B isahau.

Nimeona miongozo inaongeza /C mwishoni. Kwenye kadi hii usiweke. /C inaiambia DOS kwamba draivu itatoa taarifa diski ikibadilishwa, taarifa hiyo inapita waya wa 34 na kadi ya XT haina namna ya kuusoma. DOS ikidhani diski haijabadilika wakati umebadilisha, inaweza kuchukua FAT (orodha ya mafaili yalipokaa) ya diski iliyotoka ikaiandika juu ya diski iliyoingia, na mafaili ya hiyo diski yamekwenda.

Hatua ya 5: fomati

FORMAT D:

Ikimaliza soma namba: ukiona 730112 bytes total disk space umefanikiwa, ukiona 362496 ujue umepitia B.

MASWALI YA WADAU

*Mkuu mbona wengine wanatumia DRIVPARM, ipi bora?*

DRIVPARM=/D:1 /F:2 inabadilisha herufi iliyopo, yaani B yenyewe inakuwa 720K, hakuna herufi ya ziada, ni nzuri zaidi kama DOS yako inaikubali. Matoleo mengine ya DOS ya IBM yanaikataa, ukiona Unrecognized command in CONFIG.SYS ifute urudi DRIVER.SYS.

*Diski za 720K sipati, nina za 1.44 nyingi tu, nikiziba kile kitundu na selotepu?*

Inakubali mara nyingi, draivu isipoona kitundu inajua ni 720K. Ila sumaku ya diski ya HD (hizo za 1.44MB) ni ngumu kidogo kuandikika kuliko ya DD (za 720K), kwahiyo tumia kwa kuhamishia mafaili, usiweke humo kitu ambacho huna nakala yake. Na za inchi 5.25 usijaribu mchezo huo, 1.2MB kuifanya 360K tofauti ya sumaku ni kubwa mno.

*Kaka mimi nataka 1.44 kabisa, naambiwa niweke /F:7 tu?*

Hapana. /F:7 inaielekeza DOS, haiongezi kasi ya kadi. Tafuta kadi ya HD ya biti 8 yenye BIOS yake, na ile ya zamani uichomoe au uizime, maana zote zinataka anwani 3F0, IRQ 6 na DMA 2 (njia za kadi kuwasiliana na mashine), hazikai pamoja.

*Naweza kuhamisha mafaili toka laptop ya sasa?*

Ndio, kwa draivu ya flopi ya USB, nyingi zinasoma na kuandika 720K. Diski ifomati kwenye XT kwanza ndo uipeleke laptop, usifanye kinyume, maana kufomati 720K kupitia USB ndo kunakosumbua.

*DISKCOPY A: D: inakataa, inasema diski hazifanani?*

Ni sahihi ikatae, DISKCOPY inanakili treki kwa treki na hizo ni diski za aina mbili. Tumia XCOPY A:\*.* D:\ /S.