Talaka Marekani: akiba ya chuo ya mtoto iko mikononi mwa nani?

Leo tuzungumzie akaunti ya 529, yaani akaunti ya Marekani ya kuweka akiba ya masomo kwa nafuu ya kodi. Wengi hudhani kwa kuwa jina la mtoto limo, talaka haiwezi kuigusa. Sivyo.

Hatua ya 1. Chukua taarifa ya akaunti uone mmiliki ni nani. Mtoto ni mnufaika tu; mmiliki ndiye mwenye rungu. Anaweza kumweka mnufaika mwingine wa familia, hata mtoto wa kambo wa ndoa mpya. Anaweza pia kuzitoa zote akanunua gari. Faida itatozwa kodi na adhabu ya 10%, lakini kile alichochangia hakiguswi. Mtu mwenye hasira hazuiwi na 10%.

Hatua ya 2. Usiichanganye na UTMA, akaunti ya mali aliyopewa mtoto ambaye hajafikia utu uzima. Fedha za UTMA ni za mtoto mwenyewe, mzazi ni msimamizi tu mpaka afikie umri uliowekwa na jimbo, mara nyingi 18 au 21. Ile 529 mliyoichangia mkiwa katika ndoa kwa kawaida ni mali ya ndoa, kwa hiyo iingizeni kwenye orodha ya mali.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Ama igawanywe iwe akaunti mbili, ama ibaki kwa mmoja kwa masharti yaliyoandikwa ndani ya makubaliano ya talaka: fedha ni za masomo tu, mnufaika habadilishwi bila saini ya mwenzake, taarifa ziwafikie wote wawili, na mrithi wa umiliki atajwe. Hili la mwisho husahaulika sana. Mmiliki akifa, akaunti inaweza kuangukia kwa mtu ambaye hamkumtarajia. Semeni pia salio litakwenda wapi masomo yakiisha.

Hatua ya 4. FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo. Tangu mwaka wa masomo 2024–25, wazazi waliotengana wanapoishi mbalimbali, anayejaza ni aliyemhudumia mtoto kwa fedha nyingi zaidi, si lazima yule anayeishi naye.

MASWALI

Mwalimu, mume wangu alishazitoa zote kabla hatujafika mahakamani. Ndiyo basi?
Hapana, dada. Wakili wako adai taarifa zote za akaunti. Katika majimbo mengi jaji anaweza kumhesabia fedha hizo kama sehemu ya fungu lake. Usichelewe tu.

Akaunti ilifunguliwa na mama mkwe kwa jina lake. Nidai nusu?
Hiyo ni yake, haimo katika mali yenu. Kaa naye vizuri.

Ninachoweka kwenye 529 kinapunguza matunzo ninayolipa?
Hakipunguzi, kaka, isipokuwa amri ya mahakama iseme hivyo. Lipa matunzo kama ulivyoamriwa.

Binti yangu kapata ufadhili. Za kwenye akaunti tufanyeje?
Mmiliki anaweza kutoa kiasi kinacholingana na ufadhili bila ile adhabu ya 10%. Kodi ya faida inabaki palepale. Kama makubaliano yenu hayakusema salio ni la nani, zungumzeni kabla hajatoa hata dola.