Kamera ndogo kwenye keva ya maji, usiingie nayo baharini kichwa kichwa

Wadau mnaoenda kisiwa cha Mnemba kule Zanzibar kusnoko (kuogelea juu juu na miwani na bomba la kupumulia) na kamera ndogo, sikilizeni. Keva, yaani kile kiboksi cha kuzuia maji unachofungia kamera, ikiandikwa kina cha mita 40 haimaanishi haivuji, kazi yote inafanywa na ule mpira mwembamba wa mviringo pale mlangoni na unywele mmoja tu unatosha kuleta balaa.

Kwanza ijaribu tupu. Weka tishu ndani, funga, zamisha kwenye ndoo kama nusu saa hivi, tishu ikitoka kavu ndo uweke kamera. Alafu toa mpira taratibu kwa kidole, sio kisu jamani, ufute, upitishe vidoleni ukisikilizia mchanga, paka grisi yake kidogo sana mpaka ung'ae tu. Vaselini hapana. Na kabla ya kufunga cheki kamba ya kamera isibanwe mlangoni, mimi yangu ilibanwa kauzi kadogo tu nikaona vipovu vinapanda, nikakimbilia juu lakini wapi, kamera ilishakunywa chumvi.

Kamera ifungie kwenye keva ukiwa ndani ya nyumba asubuhi kukiwa na ubaridi, sio ufukweni saa saba mchana maana lenzi itaota ukungu, tupia na kale kapakti ka kunyonya unyevu kanakokujaga kwenye viatu.

Ukitoka usifungue! Loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi huku unabonyeza batani zote, kausha keva na mikono na nywele zako, ndo ufungue.